Harusi ya Maua ya Maboga

Harufu ya kivumbasi ukiisikia mara moja haikutoki. Ni kali, iko karibu na karafuu na karibu na mrehani, na hushika kwenye nguo hata ukiyagusa majani yake kwa kupita tu. Pale kijijini Pujini nilikolelewa na shangazi yangu, Bi Salama, kivumbasi kilijiotea chenyewe kwenye kipande cha ardhi kati ya nyumba yetu na ya jirani yetu, Bi Mize, kikachanganyika na kishona nguo na magugu mengine ya maua madogo. Jua likishapanda, kipande kile kilivuma. Nyuki, manyigu wembamba, vipepeo weupe na wale weusi wenye mabaka ya samawati, wote walikutana pale, na mimi nikiwafukuza. Nikimkamata kipepeo sikujua la kumfanyia. Nilitaka tu kujua anakwenda wapi. Tabia hiyo ndiyo iliyonitoa skuli mapema na kunizungusha bandari nyingi baadaye.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Vuli ile shangazi alipanda maboga nyuma ya nyumba, akitegemea kwamba tutayafuturia Ramadhani, yaliyopikwa kwa nazi. Lakini kabla ya Ramadhani kulikuwa na harusi ya ami yangu. Wageni walihitaji pa kutandikiwa mikeka, na kishona nguo kingewaganda kwenye mabuibui, kwa hiyo shangazi aliamuru kipande kile king'olewe chote, kikafagiliwa mpaka ardhi ikang'aa. Siku ya harusi Bi Mize alisimama kando ya maboga, akayatazama maua yalivyotapakaa, akasema, "Bi Salama, mwaka huu utaifuturisha Pujini nzima." Akaenda zake. Mashaallah, ile kinga ya kijicho, hakusema, na wanawake waliokuwapo walisikia kwamba hakusema.

Harusi ilipokwisha, vitoto vya maboga vikaanza kugeuka manjano, vikaoza ncha na kudondoka. Shangazi hakugomba. Alikumbuka tu ile mashaallah isiyosemwa. Makaa na chumvi vilivyozoea kuvuka kati ya nyumba mbili vikakatika. Mimi nikakatazwa kwenda kumtungia Bi Mize uzi kwenye sindano, kazi niliyoifanya kila alasiri kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Maneno ya kijicho yalipomfikia, alijibu kutoka barazani kwake, kwa sauti ya kutosha nyumba zote:

"Jicho langu halioni tundu la sindano, leo limeliona boga?"

Majirani walicheka. Shangazi hakucheka.

Siku hizo mimi na binamu yangu Zuhura bado tulikuwa na harusi kichwani. Mmea wa maboga una maua ya namna mbili: dume, lenye kijiti tu ndani, na jike, lenye kiboga kidogo chini ya shingo. Kila asubuhi, kabla maua hayajafumba, tulichuma dume, tukampeleka kwa bibi harusi na kumsuguasugua mpaka ule unga wa manjano ukamganda. Kila bibi harusi tulimfunga uzi mwekundu shingoni, katika nyuzi alizonipa Bi Mize zamani za amani. Zuhura alipiga kigelegele kwa kunong'ona.

Asubuhi moja nilimkuta shangazi ameinama, ameshika boga la ukubwa wa ngumi lenye uzi mwekundu. Yaliyofungwa uzi yote yalikuwa yamesimama. Mengine yote yalikuwa chini.

"Nani kafunga hirizi hapa?" aliuliza.

Nikamweleza huku nikingojea fimbo. Badala yake akaniambia nimwoneshe. Asubuhi zilizofuata alikuwa akifungisha ndoa mwenyewe, kanga ameikaza kiunoni, kila ua kwa bismillahi yake. Siku moja akajinyoosha, mkono mgongoni.

"Na miaka yote hii, nani alikuwa akizifanya harusi hizi?"

"Wale nyuki wa kwenye kivumbasi, shangazi. Tangu king'olewe hawaji."

Alasiri ile aliuvuka ule uwanja mweupe, akatoa salamu, akakaa barazani kwa Bi Mize, akaichukua sindano mkononi mwake na kutunga uzi. Samahani sikuisikia.

"Umekawia," alisema Bi Mize. "Foronya hii imenizeesha."

Shangazi aliomba mbegu za kivumbasi, maana nyuma ya jiko la Bi Mize kilikuwa kimebaki kidogo.

"Chukua. Na nikikitazama kikiota, niseme mashaallah au ninyamaze?"

Shangazi alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Ramadhani ilipoingia, bakuli la kwanza la boga nililipeleka mimi ng'ambo ya pili, na mvua zilipokuja uwanja ukaanza tena kuvuma.

Sasa nimetulia mjini, Tibirinzi, katika nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji. Nimepanda kivumbasi kwenye debe bovu, na vipepeo wamelijua. Sijui walipitia wapi, na bado ningependa kujua. Pujini nilikwenda mwaka jana. Kati ya ile nyumba yetu na ile ya Bi Mize umesimama ukuta wa matofali, mrefu kunishinda mimi. Upande mmoja wamepanda maboga. Niliyaona kwa sababu mlango ulikuwa wazi, nikasema mashaallah kwa sauti, ingawa ng'ambo ya pili hapakuwa na mtu wa kunisikia.