Kikopo Kilichobaki

Nilipoanguka kifafa mara ya pili, nikipepeta mahindi uani kwetu karibu na Kamukuywa, nilikatazwa moto. Mara ya tatu nikakatazwa kisima. Mara ya nne nikakatazwa kumbeba binti yangu mwenyewe, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama mkwe alimfungua mgongoni kwangu, akamfunga mgongoni kwake, basi. Cherehani niliyonunua kwa kushona sare za shule Kitale kabla sijaolewa ilisukumwa ukutani, ikawekewa magunia ya mbolea juu. Nikabaki kutoka kitandani hadi kitini, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, naomba ruhusa ya kwenda choo.

Na mama mkwe hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningemchukia vipi? Alipika, akafua, akanilisha siku ambazo mikono yangu ilitetemeka. Binti yangu hakujua kijiko. Nyanya yake alimega ugali, akaufinyanga kiganjani, akachovya kwenye mboga, akamtia mdomoni. Majirani walisema nimepata mama wa pili. Mimi nilitamani kupiga mayowe.

Kwetu watu wengi huamini kifafa ni cha ukoo. Kwa hiyo mume wangu, dereva wa lori la mahindi kule Tongaren, alianza kuniuliza polepole kama nyumbani kwetu Bungoma hakukuwa na shangazi aliyekuwa akianguka. Aliuliza mara tatu. Ya nne nikamwambia aende akafukue makaburi awaulize mwenyewe. Alininunia siku mbili, kisha akasema nisipopona kufikia mavuno nitarudishwa kwa wazazi wangu, na mtoto atabaki, maana mgonjwa hawezi kulea. Aliyasema hayo huku akivua viatu.

Kaka yangu ndiye aliyetoka Bungoma akanipeleka Kitale kupigwa picha ya kichwa. Daktari alinionyesha madoa meupe, madogo kama punje za mtama, akasema ni watoto wa tegu, ule mnyoo wa nguruwe, wamejikita kwenye ubongo. Nikacheka. Nikamwambia sisi ni watu wa Sabato, nguruwe hatumli, hatumfugi, hata jina lake mezani hatulitaji. Alingoja nimalize. Akanieleza kwamba anayekula nyama yenye ugonjwa, isiyoiva, hupata mnyoo tumboni na anaweza kukaa naye bila kusikia lolote. Mayai ya mnyoo humtoka chooni, yakabaki kwenye mikono isiyooshwa vizuri. Anayekula kutoka mikononi mwake ndiye yanayempanda kichwani.

"Mtu wa kwenu anao," alisema. "Mtafute upesi. Una mtoto mdogo?"

Nikamwambia ninaye. Akanipa dawa ya kuzuia kuanguka, akanipa na vikopo vya kupimia choo, kimoja kwa kila mtu mzima. Akaniambia pia nisimwogope huyo mtu: akishameza dawa ya mnyoo, ikathibitishwa umetoka, na akanawa mikono, hana hatari tena.

Nilimshuku mume wangu, maana dereva hula popote. Alichukua kikopo kwa hasira, na majibu yakatoka safi. Yangu pia yalikuwa safi. Kikabaki kikopo kimoja, na mama mkwe akakikataa. Yeye shemasi, mjane wa mzee wa kanisa, ati choo chake kisafiri mpaka Kitale kichunguliwe na vijana? Nilibembeleza, nikanuna, nikabembeleza tena. Mume wangu akaniambia niache kumvunjia mama yake heshima.

Basi kila adhuhuri nilikaa kwenye kile kiti nikimtazama akimlisha mtoto wangu. Nilijaribu kijiko, mtoto akakitema, akalilia mkono wa nyanya yake. Nilikuwa nahesabu matonge. Sijawahi kuogopa chakula kama nilivyoogopa ule ugali. Ijumaa moja nilishindwa, nikainuka, nikaupiga ule mkono, tonge likaruka hadi mlangoni. Mume wangu alikuwa amekaa papo hapo. Akasema Jumapili nafungasha naenda kwetu, mtoto anabaki.

Kesho yake tulipotoka kanisani mama mkwe aliingia chumbani kwangu, bado amevaa kitambaa chake cheupe kichwani. Akakaa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kwetu tulifuga nguruwe," alisema. "Nilipoolewa hapa niliacha kila kitu, mpaka nyimbo za kwetu. Hicho kimoja kilinishinda."

Akanieleza kwamba kila siku ya soko hupita nyuma ya bucha, akapewa kipande cha kukaangwa kimefungwa kwenye gazeti, akala upesi akiwa amesimama, wakati mwingine ndani bado ni chekundu. Miaka yote hiyo. Nilimtazama nikapandwa na hasira, na papo hapo nikamhurumia, nisijue nianze na lipi. Akainuka akaenda sebuleni alikokuwa mwanawe, akampakata mtoto.

"Mnyoo ni wangu," nilimsikia akisema. "Huyu haendi popote."

Mume wangu hakupaza sauti. Alimtoa mtoto mapajani pa nyanya yake, akaja akaniwekea mimi. Kisha akamwambia mama yake asiguse tena chakula cha nyumba hii. Wiki hiyohiyo mama mkwe akanunuliwa sahani yake na kikombe chake, akawa anakula peke yake kando ya ghala. Kile kikopo kilichobaki kilipelekwa Kitale, mnyoo ukaonekana; dawa aliimeza mbele yangu, na kikopo alichopeleka baadaye kilirudi safi.

Yale maneno ya daktari, kwamba mtu kama yeye hana hatari tena, nilikuwa nayo. Sikuyasema. Mtoto alikuwa mapajani pangu, amekubali kijiko, na hakuna aliyekuwa akinitisha kwa kunirudisha Bungoma. Nilikaa na maneno hayo wiki tatu nzima, nikimwona dirishani akisuuza kikombe chake mwenyewe. Naona aibu kuandika haya.

Siku nilipomwambia kwamba hana hatari tena, binti yangu alikuwa akimkimbilia huku akicheka. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaificha mikono yake chini ya leso.

"Mwite," aliniambia. "Mwite mtoto wako asinifikie."