Mama alisalimia kwanza, laini ikamwona hana shida

Leo nimesalitiwa na laini ambayo mimi mwenyewe nilimsifia mama.

Asubuhi ng'ombe wetu hapa Nyaramba alivimba tumbo. Nikamwambia mama apigie ile laini ya wakulima inayojibiwa na AI.

Kwenye mkutano wa wakulima, wenye laini walituapia kabisa: swali la ugonjwa linaenda kwa AI kubwa, ile ya gharama. Porojo zinaenda kwa ile ndogo. Na simu ikiisha, unatumiwa ujumbe wa kukuonyesha ni ipi iliyokusikiliza.

Mama akapiga. Akasalimia vile tunasalimiana huku: habari ya kwenu, watoto, mvua, majani chai. Ndipo akafika kwa ng'ombe.

Akajibiwa, "Asante kwa salamu. Siku njema." Simu ikakatwa!

Ujumbe ukaingia: "Umehudumiwa na AI ndogo. Sababu: sekunde kumi za kwanza ni salamu."

Sekunde kumi! Hiyo ya kupima sekunde kumi za kwanza tu, mkutanoni waliificha.

Ng'ombe ameokolewa na daktari wa mifugo, jirani yetu. Alisalimiwa mpaka mwisho, akaitikia zote, huku anatibu.

Sasa nisaidieni kumjibu mama. Ameniuliza, "Kwa hivyo hao watu wako wanataka niwe sina adabu?"