Besi ya Baba

Baba aliimba besi katika kwaya ya kanisa letu huko Tetu, na mama aliimba sauti ya kwanza. Huko ndiko walikojuana. Mama alipofariki, masikio ya baba yalikuwa yameshaanza kuchoka, na baada ya mazishi yakazidi kuziba. Tulibaki na kaseti moja ya kwaya, iliyorekodiwa katika harusi moja. Katika wimbo wa tatu mama anaingia peke yake, kisha anapaa juu ya wenzake wote. Nilitaka baba amsikie tena kabla masikio hayajaziba kabisa. Sikuwa na haja nyingine mwaka ule.

Redio yetu peke yake ilikuwa imeshindwa kumfikia. Lakini niliona kwamba lori la kahawa likipita barabarani, baba ndiye aliyeinua kichwa wa kwanza. Nikajiona mwerevu. Mzee anahitaji sauti nene, nikasema, anahitaji wufa, ile spika ya mngurumo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na kila kijana mjini Nyeri alitaka wufa. Fundi wa redio nyuma ya soko alikuwa nazo mbili nilizoweza kumudu: moja ya plastiki yenye taa nyekundu, na sanduku la plywood aliloliunda mwenyewe, likiwa na spika iliyong'olewa kwenye matatu.

"Gonga hiyo ya taa," akaniambia. Nikagonga. "Si unasikia inalia ka debe? Hapo unanunua taa tu. Sasa gonga yangu."

La kwake lilijibu kwa uzito, kama mlango wa kanisa.

"Ni ya nani?"

"Ya mzee wangu. Masikio imemsumbua."

"Basi weka chini, kwa kona. Ukuta itakusaidia."

Sikumsikiza. Kwetu kitu cha thamani hakiwekwi sakafuni. Nililipandisha juu ya kabati, nikaliunga na redio na kulifunika kwa kitambaa alichofuma mama, kama tulivyofunika redio, viti na kila kitu kilichokaa kimya. Nikaweka kaseti, nalo likanguruma kama mtu aliyejifunika blanketi. Vikombe vikacheza kabatini, na baba akaendelea kunywa chai yake.

Nikameza kiburi. Nikatoa kitambaa, nikaliteremsha hadi kwenye kona, nikarudisha kaseti mwanzo. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na sakafu yote ikatetemeka. Baba akaitazama miguu yake. Akaweka kikombe chini, akavua viatu, akasogeza kiti na kulaza kiganja juu ya sanduku.

"Huyu ni mimi," akasema. Uso wake ulifunguka jinsi ambavyo sikuwa nimeuona tangu mazishi. "Nilikuwa na nguvu, baba."

Aliniita baba kwa kuwa nilipewa jina la babake. Siku hiyo lilinipendeza kuliko siku zote.

Akaimba pamoja na ule mngurumo, nyimbo mbili nzima. Wa tatu ulipoanza, wanaume walishika besi kwanza, naye akainua kidole kunionya nitulie. Mama akaingia. Sauti yake ilitoka katika spika ndogo za redio, nyembamba na safi, na mimi machozi yakanitoka. Nikamgeukia baba tufurahi pamoja. Kidole chake kilikuwa bado juu.

"Mama yako amechelewa kuingia," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Nilimkasirikia fundi, bure tu, maana hakunidanganya. Mjinga nilikuwa mimi. Sanduku lile lilibeba sauti nene, na mama hakuwahi kuwa na sauti nene maishani mwake. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Besi ikazidi. Mama akamaliza ubeti, akaanza wa pili.

"Ako wapi?"

Nikamwinamia, nikapaza sauti sikioni mwake. "Bado kidogo!"

Akakubali. Akaacha kiganja pale pale juu ya sanduku, kidole cha mkono wa pili kikiwa kimeinuliwa, akimngoja.