Upinde wa Pili

Mama yake Povu alikuwa bingwa wa kusema "naona." Alisema naona hata miaka ile mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, akawa analisalimu koti lililoning'inia nyuma ya mlango na kuliuliza habari za watoto. Kwa hiyo baada ya upasuaji, bandeji zilipotoka na mama akatangaza kwa mbwembwe kwamba anaona, nani angemwamini? Daktari aliagiza akae ndani kwanza, mapazia yafungwe. Povu alishinda roho juu. Kama upasuaji umeshindwa, mama angemficha mpaka kaburini.

Povu, jina alilobandikwa na wenzake, alikuwa mwosha mabasi. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba upinde wa mvua haungoji mvua. Ulipe jua kisogo likiwa limeshuka, rusha maji laini mbele ya basi jeusi, na upinde huo hapo. Mwanga unaingia kwenye tone, unapinda, unagonga ukuta wa ndani, unatoka umeachana rangi rangi. Asubuhi za ukungu, jua likichungulia, aliwahi kuona hata upinde mweupe mtupu, kama uliosahauliwa kupakwa rangi. Basi akaona hapo ndipo pa kumpimia mama. Rangi huwezi kuzibahatisha.

Siku mama aliporuhusiwa kutoka, akamleta gereji jioni, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya basi jeusi, jua likiwa mgongoni. Yeye akasogea pembeni na mpira wa maji, akafungua pampu.

"Haya mama, unaona nini?"

"Naona."

"Ndiyo, lakini unaona nini?"

"We mtoto, kelele za nini? Naona upinde. Nyekundu juu, njano katikati, zambarau chini."

Povu nusura arukeruke. Lakini mama hakuwa amemaliza. "Na ule mwingine wa juu yake umegeuzwa. Nyekundu iko chini."

Miaka yote ya kuosha mabasi, hapo alikuwa ameona upinde mmoja tu. Sasa mama anaona viwili viwili, tena kichwa chini miguu juu!

"Mama, upo mmoja."

"Ziko mbili. Mimi si kipofu."

Akajikaza kisabuni, akaja na mpira wake mpaka kitini, akachuchumaa shavu kwa shavu na mama, akatazama pale aliponyoosha kidole, juu zaidi ya alipozoea kutazama. Ulikuwepo. Hafifu, mpana, nyekundu chini na zambarau juu, maana mwanga wake hugonga mara mbili ndani ya tone kabla ya kutoka, na hutoka umepinduka. Povu akacheka mpaka mpira ukamponyoka, ukawalowesha wote wawili.

"Nisamehe mama," alisema akihangaika kufunga maji. "Nilidhani macho yameharibika. Kumbe upo, na mimi sijawahi kuuona."

Mama alikuwa ameacha kutazama basi na maji yake, anamtazama yeye, usoni, kwa karibu. Mkono wake ukapanda taratibu ukamshika kidevu.

"Mwanangu," alisema, "ndevu zako zimeota mvi. Mbona hakuna aliyeniambia?"