Nilisema Kipandauso ni cha Ukoo wa Mke Wangu

Nilimpeleka binti yangu hospitali ili aumbuke. Wallahi, niliyeumbuka ni mimi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Mikono yangu migumu, mdomo ndio usiseme.

Binti yangu ana miaka kumi na tano. Tangu avunje ungo, kila mwezi kichwa kinamgonga upande mmoja, hataki mwanga, anatapika. Shule anakosa siku mbili tatu.

"Anadeka tu," nilimwambia mke wangu. "Ndio ukoo wenu huo! Mwanamke akipiga chafya, kitandani."

Nikaapa: daktari akisema hana kitu, shule basi. Akauze dukani kwa shangazi yake.

Tukaenda watatu, mke wangu naye akaja. Daktari, mama mmoja miwani puani, alimsikiliza mtoto hadi mwisho.

"Hiki ni kipandauso," akasema. "Mara nyingi hurithiwa. Na wasichana wakishavunja ungo huwapata zaidi kuliko wavulana, homoni zinachangia. Nani mwingine nyumbani anacho?"

Fasta nikamnyooshea mke wangu kidole.

"Mimi?" akaguna. "Mimi kichwa hakijaniuma hata siku niliyoolewa na huyu."

Dokta akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Muulize yeye," mke wangu akaendelea. "Anajifungia chumbani, taulo usoni, ndoo pembeni. Nyumba nzima tunanyata."

"Ule ni moto wa kuchomelea!" nikaruka. "Unaniachia vimulimuli machoni, halafu kichwa kinapasuka upande mmoja."

"Na siku ambazo hujachomelea?" dokta akauliza.

Mara ya mwisho kilinikuta harusini, nimevaa suti.

"Baba yako je?"

Marehemu mzee naye alikuwa anajifungia vilevile. Sisi tulisema anatafakari.

"Basi inaelekea mtoto kakirithi kwako," dokta akasema. "Wanaume hakiwapati sana, lakini kukirithisha wanakirithisha."

Akaandika dawa, akaandika na barua ya shule.

Binti yangu akanitazama kwa huruma kabisa. Hiyo huruma ndiyo iliyoniua.

"Pole baba. Kumbe tunadeka wote wawili. Kwa hiyo dukani kwa shangazi tunaenda wote, au wewe unabaki na kazi yako?"

Niliona aibu, acha tu.

Kesho yake nikaipeleka barua shuleni mwenyewe, na mwalimu wa zamu, niliyewahi kumwambia mtoto anadeka tu, nikamwomba radhi kwa niaba ya mdomo wangu.

Wanaume wenzangu, kabla hujamwambia mtoto wa kike anadeka, mpigie mama yako simu. Muulize wewe ulikuwaje.