Gia Moja Amefika

Nilikuwa kazini, napiga pasi shuka za hoteli, shangazi aliponipigia simu.

"Baba yako amefika, mwanangu," alisema. "Amefika, halafu amepumzika."

"Mungu asifiwe," nikasema. Niliibana simu begani nikaendelea kunyoosha pindo la shuka. "Mwache alale, shangazi. Usimwamshe mpaka ainuke mwenyewe."

Nikaigeuza shuka upande wa pili.

"Lakini amekula?"

"Mwanangu, hujanielewa. Haamki tena."

Shuka ile iliungua. Mwenzangu ndiye aliyeinyanyua pasi.

Baba alikuwa fundi cherehani. Maisha yake yote alikaa chumba cha mbele cha nyumba yetu, karibu na dirisha, akikanyaga cherehani. Shangazi, dada yake wa pekee, aliolewa mji wa mbali, na kila walipoongea kwa simu baba alimwambia, "Nikimaliza nguo za watu nitakuja." Nguo za watu hazikuisha. Yaliyoisha ni macho. Alianza kulitafuta tundu la sindano huku ametoa ulimi, mpaka siku moja akamshonea mteja shati, mkono mmoja umegeuzwa nje ndani. Siku hiyo aliifunika cherehani kwa kitambaa.

"Sasa sina kisingizio," akamwambia mama. "Nakwenda kwa dada. Kwa baiskeli."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe? Hata dukani unatuma watu! Panda basi kama binadamu wenzako."

"Ukipanda basi, linalofika ni basi. Mimi nataka nifike mwenyewe."

"Utarudishwa na pikapu, mzee."

"Nikirudi na pikapu, nitakuwa nimeshafika."

Baiskeli yenyewe ilikuwa kuukuu, nyeusi, haina gia za kubadilisha. Vijana wa kijiweni wakambandika baba jina la Gia Moja.

"Gia Moja, milima utaipandaje?"

"Kwa miguu hii hii. Imekanyaga cherehani tangu baba zenu wanavaa kaptula nilizowashonea. Imekwenda mbali kuliko nyinyi, basi tu haijawahi kuvuka kizingiti."

Alijishonea mto wa kiti kwa mabaki ya sare za shule, vitambaa vya buluu, akapitisha uzi mara mbili kila upande. Alfajiri aliyoondoka, mama aliushika usukani kama anayetaka kumzuia, kisha akauachia. Mimi niliomba. Kila siku ya safari ile nilimwomba Mungu kitu kimoja: baba afike. Kila jioni alipiga simu kutoka alipolala, akilalamika makalio, akicheka.

Kwa hiyo baada ya simu ya shangazi, swali moja lilinisumbua. Watu humfariji mfiwa kwa maneno mazuri. Je, baba alifika kweli, au walimwokota njiani?

Shangazi alikuja na mwili, kwenye pikapu. Baiskeli ilikuwa imelazwa kando ya jeneza. Mama alitoka mlangoni, akaiona pikapu, akasema, "Nilimwambia. Nilimwambia mimi."

Nilimvuta shangazi pembeni. "Niambie ukweli. Alifika?"

"Alipiga kengele tangu kwenye kona," alisema. "Nikatoka na mkongojo wangu. Nikataka kumshikia baiskeli, akakataa. Akaiegemeza ukutani mwenyewe, akaniambia, 'Dada, nimemaliza nguo za watu.' Akakaa kwenye benchi, akaomba maji. Niliporudi na kikombe, kichwa kimeegemea ukuta. Maji hakuyanywa."

Daktari alisema ni moyo. Nimelia sana, na bado nalia, lakini nilichokiomba nilipewa, na Mungu ninamshukuru hivyo hivyo nikiwa na machozi.

Tulimzika kesho yake mchana. Kabla jeneza halijafungwa, mama aliufungua ule mto wa buluu kutoka kwenye kiti cha baiskeli, akamwekea chini ya kichwa. Mchungaji aliomba kwa ufupi kwa sababu ya mvua. Mama alitupa udongo, akafuata shangazi, kisha mimi. Vijana wa kijiweni walishika makoleo, na hakuna aliyetania. Kaburi lilipojaa tulisema amina, tukarudi nyumbani.