Dada Yake Kwenye Gwaride

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Farsta, nje kidogo ya mji, alikuwa Mwayalandi. Alikuja Uswidi akiwa kijana, akaoa huku, akafiwa na mkewe huku. Kila asubuhi nilimwosha na kumpa dawa, naye akinisimulia habari za dada yake kana kwamba ametoka chumbani sasa hivi. Siku mzee alipoondoka kwao, dada huyo alimsindikiza hadi kituo cha basi, na mzee akamwahidi kurudi kwa Sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, sikukuu kubwa ya kwao. Sikukuu ilipofika alikuwa kazini melini. Ya pili, vilevile. Ya tatu ilimkuta dada amekwisha kuzikwa.

Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, aliniomba nimpeleke mjini kutazama gwaride la sikukuu hiyo. Msimamizi wangu hakukataa, mradi iwe siku yangu ya mapumziko. Nikamfunga skafu ya kijani, rangi ya kwao, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, tukapanda treni.

Theluji ilikuwa haijaisha. Watu walipita na ngoma na zumari, nyuso zimepakwa rangi ya kijani, watoto wamebebwa mabegani. Mzee alikuwa akicheka. Mara akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Yule pale," akasema. "Mwenye koti la kahawia. Umemwona?"

Nilitazama. Katikati ya wapiga ngoma palikuwa na msichana aliyevaa koti jepesi mno kwa baridi ile, kichwa wazi. Alitembea polepole huku akitutazama. Upepo ulinitoa machozi; nilipoyafuta na kuangalia tena, hakuwapo.

"Nimemwona, mzee."

"Alikuwa amekasirika?"

Swali lile lilinichoma. Mama yangu alifia Nakuru wakati nikingojea kibali cha ukaazi, nisiweze kusafiri. Mazishi yake niliyatazama kwenye simu, nimeketi kitandani kwangu Rågsved, hukuhuku Uswidi. Tangu hapo nilikuwa nikijiuliza neno hilohilo, na sikuwa nimemwambia mtu.

"Hapana," nikamjibu. "Hakukasirika."

Akauachia mkono wangu. Kwenye treni alilala njia nzima, na tangu siku hiyo hakumtaja dada yake tena. Mwezi wa tano akafariki.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye gwaride peke yangu. Nilijiambia naenda kwa ajili yake. Lakini zumari zilipoanza nilijikuta nachungulia uso wa kila mwanamke mzee aliyepita. Nilikuwa namtafuta mama. Watu walitawanyika, wafagiaji wakaja, nami bado nimesimama palepale. Sikumwona, na hata leo sijui kama nilipata nafuu au niliumia zaidi.

Nyumbani binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi nilikuwa wapi. Nikaketi naye jikoni, nikamweleza kwa mara ya kwanza jinsi bibi yake alivyougua, akafa, na mimi sikwenda. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, akaniuliza, "Bibi alikuita?"

Ningeweza kumdanganya kama nilivyomdanganya mzee.

"Ndiyo," nikamwambia. "Aliniita kila siku."